Kosa Alilojitwika Mahakamani

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Nyamugari, mjini Gitega, na mimi ndiye mtoto wake wa kwanza kupata kazi ya serikali. Nilipopangiwa kaskazini, mkoani Muyinga, kwenye komine ndogo, yaani tarafa, jirani na Giteranyi, alinifungashia mfuko wa vitambaa vilivyobaki mezani kwake baada ya kukata kanzu na magauni. Alisema hajui karani wa mahakama hufanya nini, lakini lazima kutakuwa na vitu vya kufunga. Alikuwa sahihi. Majalada yetu yalikuwa yakifungwa kwa nyuzi za mgomba, na nyuzi zile zilileta mende. Nikazitupa. Kesi za mashamba nikazifunga kwa kitambaa cha maua, ugomvi wa majirani kwa cha bluu, talaka kwa cheupe. Kile cheupe kilishika vumbi jekundu ndani ya wiki moja.

Talaka hazikuwa nyingi. Watu wa vilima vile walikuwa hawapendi kuachana kwa karatasi. Mwanamke aliyechoka alirudi kwao na mtoto mgongoni, wazee wakanywa pombe ya ndizi, wakaongea, akarudishwa. Waliofika kwetu walikuwa wamekwisha kabisa: mume aliyevunja mkono wa mke, mke aliyeuza maharage ya mbegu, mtu na mtu waliokuwa hawawezi tena kukaa kwenye benchi moja. Kazi yangu ilikuwa kuandika walichosema, kuchapa hukumu kwa mashine ambayo herufi moja ilikuwa ikiruka, kuweka nakala moja kwenye rafu na kupeleka nyingine kule ndoa ilikofungwa, ili iandikwe pembeni mwa cheti kwamba ndoa hii imekwisha.

Kisha vita vilianza, na mwaka uliofuata zikaanza kuja talaka za namna nyingine.

Sitaandika nani alikuwa nani. Aliyeishi Burundi miaka ile anajua, na asiyejua atosheke na hili: vilima viligawanyika. Watu wa upande mmoja walikimbilia karibu na ofisi ya komine, wakajenga vibanda vya majani na mahema chini ya ulinzi wa wanajeshi. Sisi tulipaita siti. Watu wa upande mwingine walibaki vilimani, au wakavuka kwenda Tanzania. Kati ya siti na kilima kulikuwa na mwendo wa kuchota maji tu, lakini aliyeuvuka alihesabiwa mpelelezi na pande zote mbili. Na kulikuwa na nyumba ambazo mume alikuwa wa huku na mke wa kule.

Mtu ninayetaka kumsimulia alikuja asubuhi moja, peke yake, akasukuma baiskeli yake hadi ukutani na kuilaza polepole kama mtu anayelaza mtoto. Kabla ya vita alikuwa akipakia ndizi kutoka upande wetu na kurudi na chumvi na sabuni kutoka Tanzania, kwa hiyo Kiswahili alikijua vizuri. Aliposikia nikiongea na mama muuza chai, akaona mimi si mtu wa kule.

"Dada, we ni wa Gitega?"

"Wa Nyamugari."

"Basi tuongee Kiswahili. Hapa ukutani kuna masikio." Aliingia ndani, akabaki amesimama. "Nataka kuuliza. Talaka ya kuaminika inaandikwaje?"

Nilimwambia talaka zote ni za kuaminika, kwa kuwa jaji huweka saini.

"Hapana," alisema. "Nataka moja ambayo mtu akiisoma atamchukia mume."

Ndipo alinieleza. Mke wake alikuwa siti na binti yao, mtoto wa miaka mitano hivi. Walikimbia pamoja na kaka yake mkubwa yule mwanamke siku nyumba zilipochomwa, na yeye mume hakuweza kuwafuata, kwa sababu siti hawakumtaka mtu wa upande wake. Kwa miezi kadhaa alikuwa akikutana na mkewe mtoni, anampa mihogo, anamshika mtoto kidogo, wanaachana. Watu wakaona. Siti wakaanza kusema yule mwanamke anapeleka habari kilimani. Mwanamke mwingine aliyesemwa hivyo alikutwa amekufa nyuma ya vibanda, na hakuna aliyeuliza. Kaka yake mke akamwambia dada yake: umwache huyo mtu kabisa, au mimi nitashindwa kukulinda.

"Kaka yake si mtu mbaya," alisema. "Anaogopa. Mi ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Lakini tukisema tu tumekubaliana kuachana, hawataamini. Watasema ni ujanja. Lazima niwe mbaya mimi. Lazima wamwonee huruma."

Nilimuuliza kama mkewe anajua.

"Anajua. Alikataa, akalia, akakubali."

Nilimwonyesha jinsi mashtaka yanavyopangwa, kama ambavyo ningemwonyesha mtu yeyote. Siku ya kusikiliza walikuja wote. Kaka mtu alikaa nje kwenye nyasi pamoja na wanaume wengine wa siti, mgongo wake ukielekea mlango. Ndani tulikuwa jaji, mimi, wao wawili na mtoto. Jaji wetu alikuwa mtu wa makamo, mkimya, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Aliuliza kwa Kirundi, naye mume alijibu kwa Kirundi, kwa sauti kubwa ili ifike nje.

Alisema amemchoka. Alisema mwanamke huyu ni mzigo, hajui kulima, hajui kupika, na watu wa kwao wamekuwa maadui zake. Alisema alimfukuza yeye mwenyewe kabla hata ya nyumba kuungua. Alisema ana mwanamke mwingine ng'ambo, Tanzania, na huyo ndiye mke. Kuhusu mtoto alisema, "Amchukue. Mimi simhitaji."

Hapo sauti ilimkwama kidogo, akakohoa, akairudia ile sentensi.

Jaji alimwita mwanamke asogee mezani. "Mama, huyu mtu anayosema ni kweli?"

Alikuwa mwembamba, amejifunga mtandio wa rangi ya kahawia, macho yameelekea sakafuni. Akasema, "Ego, ndiyo. Ni kama anavyosema."

Jaji alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena. Nadhani alielewa yote pale. Hakuuliza neno jingine. Alitamka kwamba kosa ni la mume, mtoto abaki na mama, akaniambia nichape, akatoka nje kuzungumza na kaka mtu habari za mvua.

Ikawa mimi na mashine, na wao watatu kwenye benchi. Yule mwanamume alitoa karanga mfukoni, akawa anazimenya moja moja na kuziweka kwenye kiganja cha mtoto. Mtoto alikula bila kuwaangalia, kwa furaha ya mtoto aliyekaa katikati ya wazazi wake. Mke alinyoosha kola ya shati la mumewe. Kisha akaikunja tena vile ilivyokuwa, kwa sababu mwanamke aliyefukuzwa hanyooshi kola. Nilichapa polepole. Nilirudia ukurasa mzima ambao haukuwa na kosa. Lakini hukumu ya talaka haina maneno mengi, hata ukijitahidi.

Walipotoka, yeye alitangulia na baiskeli yake bila kugeuka, na mke akaenda upande wa siti nyuma ya kaka yake. Wanaume waliokuwa kwenye nyasi walimzomea yule aliyekwenda na baiskeli. Mmoja alimtupia bonge la udongo. Kesho yake nilisikia amevuka mpaka.

Ndoa yao ilifungwa Bugendana, mkoani Gitega, kwa sababu mwanamke alizaliwa vilima vya kule kabla kaka yake hajahamia Muyinga. Kwa hiyo nakala ya hukumu ilitakiwa kwenda Bugendana. Wakati wa amani tungeituma. Wakati ule barabara zilikuwa zinafungwa na kufunguliwa kama mlango usio na komeo, na barua tulizotuma tulikuwa hatujui zinafika wapi. Jaji aliniambia nikienda likizo kwetu niichukue mwenyewe. "Isipoandikwa kule," alisema, "mtu anaweza kusema bado ni mke wake."

Niliivaa tumboni chini ya kitenge, nikapanda lori la maharage lililokuwa kwenye msafara uliosindikizwa na wanajeshi. Njiani tulipita masoko matupu na shule zisizo na milango. Nyumbani mama alinikumbatia, akahisi karatasi.

"Hii nini?"

"Talaka ya watu."

"Ya watu gani?"

Nilimsimulia. Mama yangu alikuwa ameona talaka nyingi Nyamugari, talaka za hasira zilizotamkwa mara moja na kujutiwa kabla ya swala ya alasiri. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchele. Kisha akasema, "Hiyo si talaka, mwanangu. Hao Mungu atawahesabu mume na mke." Akaendelea kuchambua. Baada ya muda akaongeza, "Lakini ipeleke. Usije ukamuua mtoto wa mwenzio."

Kwenda Bugendana nilitembea, kama watu wote. Nilifuatana na wanawake waliokuwa wakirudi kutoka sokoni na vikapu vitupu. Ilikuwa wakati wa palizi na mashamba mengi yalikuwa na magugu, kwa sababu wenyewe hawakuwepo. Ofisini nilimkuta karani wa vyeti, mzee mwenye kikohozi. Alisoma hukumu akiwa amesimama mlangoni penye mwanga, akaisoma tena.

"Huyu mwanamke ni wa kilima chetu," alisema. "Mi nilikula harusi yao. Huyu kijana alitoka Muyinga na wenzake, kila mmoja na baiskeli, na kila baiskeli wameifunga maua kwenye usukani. Watoto walizikimbilia mpaka bondeni." Alinitazama. "Na ndiye anasema hivi? Kwamba ni mzigo?"

Sikuweza kumwambia. Sikumjua, na neno moja Bugendana lingeweza kufika Muyinga kabla yangu.

"Ndivyo alivyosema mbele ya jaji," nilijibu.

Alitafuta kitabu cha ndoa kwa muda mrefu, akakipata chini ya vitabu vya vizazi. Mume alikuwa ametia saini kwa herufi kubwa, za mtu aliyejizoeza kwa ajili ya siku ile. Mke alikuwa ameweka dole gumba. Mzee alichovya kalamu, akaandika pembeni kwamba ndoa imevunjwa, akaandika kwa herufi ndogo mno, zilizobanana, mpaka nikamwomba aandike zisomeke. Akasema, "Zinasomeka kwa anayetaka kuzisoma." Akagonga muhuri, akafunga kitabu, hakuniaga.

Nilirudi kaskazini. Nakala yetu ikakaa kwenye rafu, imefungwa kwa kitambaa cheupe.

Yule mwanamke nilimwona mara nyingi miaka iliyofuata. Siti iligeuka kijiji, mahema yakawa kuta za udongo, na yeye akawa anauza unga wa muhogo kando ya barabara. Watu walimwonea huruma kama mumewe alivyotaka. Walimletea kuni, kaka yake alimjengea chumba. Wakati mwingine wanawake wenzake walimtukana yule mume ili kumfurahisha, na yeye aliitikia kwa kichwa. Tulisalimiana tu. Alikuwa akinishika mkono kwa mikono miwili, kama desturi ya kule, basi.

Siku moja alikuja grefe, kile chumba chetu cha majalada, akafunga mlango. Alikuwa amekonda. Alisema wamepita watu kutoka kambini Tanzania, wamesema mume wake amekufa kwa kuharisha, wamemzika kule.

"Nimekuja kuuliza sheria," alisema. "Mwanamke aliyetalikiwa, mwanamume akifa, anaruhusiwa kumlilia?"

Nilimwambia sheria haina neno juu ya kulia.

"Lakini siti wataniuliza namlilia nani. Kaka ataniuliza. Mtoto ataniuliza."

Mtoto hakujua ukweli. Walikuwa wamekubaliana, yeye na mumewe, kwamba mtoto asiambiwe kwa sababu watoto husema. Ningeweza kumshika bega, lakini yeye alikuwa amekwisha teremka chini, ameegemea rafu, amejiziba mdomo kwa mtandio. Akalia pale kati ya majalada. Nilisimama mlangoni kwa nje. Alikuja mtu kuuliza kesi ya shamba, nikamwambia nimefunga kwa ajili ya hesabu, arudi kesho. Alipomaliza alinawa uso kwa maji ya ndoo yetu ya kupigia deki, akaniuliza kama macho yamekuwa mekundu. Nilimwambia hapana. Alikwenda akaendelea kuuza unga.

Alifariki baada ya mvua ndefu za mwaka ule au uliofuata, sikumbuki sawasawa, katika homa iliyopita vilimani na kuchukua watu wengi. Nilikwenda msibani. Binti yake alikuwa ameshafika umri wa kubeba mtungi mkubwa, na alisimama karibu na mjomba wake bila kulia.

Habari za kambini hazikuwa za kweli. Aliyekufa kwa kuharisha alikuwa mtu mwingine.

Mume alirudi mapigano yalipotulia upande wetu na wakimbizi wakaanza kuvuka kwa makundi na magodoro yao kichwani. Sikumtambua. Alikuwa amezeeka vibaya, hana baiskeli, mguu mmoja anaukokota. Alikaa kwenye benchi ileile ya watu wote, akangoja wengine waishe, akasema kwa Kiswahili, "Dada wa Nyamugari, ile dosiye iko?"

"Jalada lenu liko."

"Mi nataka unisomee."

Nilifungua kitambaa, nikasoma. Nilipofika kwenye neno mzigo aliinua mkono nisimame, kisha akaniashiria niendelee. Nilipomaliza alisema, "Nilisema yote hayo?"

"Uliyasema."

"Mtoto wangu anayajua kwa kichwa."

Alikuwa amekwenda siti. Habari za kifo cha mkewe alizipata mpakani, kutoka kwa mtu aliyezisema kama anasimulia hali ya barabara. Akaenda kumtafuta binti, akamkuta uani kwa mjomba wake anapepeta maharage. Alijitambulisha. Binti hakuacha kupepeta. Akamwambia, kwa utulivu, ile hukumu sentensi kwa sentensi. Mjomba wake alikuwa na nakala aliyopewa mama siku ile, naye alimsomea binti alipoanza kuuliza baba yuko wapi. Alimaliza kwa kusema, "Na mimi ulisema hunihitaji. Mimi pia sikuhitaji."

"Nitamwambia," nilisema. "Jaji alihamishwa na amekwisha fariki, lakini mimi nilikuwepo. Nitakwenda leo."

"Usimwambie."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"We fikiri," alisema. "Mi nalala jikoni kwa mdogo wangu. Sina shamba, wameliuza. Mguu huu haupandi kilima. Yule mtoto anakula kwa mjomba, anasoma kwa mjomba. Akijua kwamba mama yake na mi tuliwadanganya wote, atawachukia walio naye, kwa ajili ya mtu asiyekuwa na kitu. Mjomba naye atajiona mjinga, atamgeuka. Acha. Nilitaka tu kusikia kama ni maneno yangu."

Aliondoka akishika ukuta.

Sikumwahidi chochote. Kwa muda niliyafikiria maneno yake na niliona yana akili. Nilipokwenda kwetu nilimuuliza mama, naye alisema nimwache mtu aamue kuhusu mtoto wake. Nilikaa kimya. Ningekaa hivyo mpaka leo kama yule binti asingekuja mwenyewe.

Alikuja na sare ya shule, anatafuta karatasi ya kuonyesha mama alikuwa na haki ya kumlea, shule ilikuwa inaitaka yenye muhuri wa mahakama, na ile ya mjomba haikuwa nao. Nilishusha jalada. Alitazama jina langu chini ya ukurasa, kisha akanitazama.

"Ni wewe uliandika haya?"

"Ndiyo."

"Nilikuwepo, lakini nilikuwa mdogo mno, sikumbuki. Alipokuwa akisema hanihitaji, uso wake ulikuwaje?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza kitu ambacho amekilalia miaka mingi. Kama angeuliza swali jingine lolote ningeweza kumjibu kama karani. Kwa hilo sikuwa na jibu jingine ila kweli. Nikamwambia alikohoa, akarudia, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka. Na nilipoanza sikuweza kusimama hapo. Nilimweleza yote: mtoni, mihogo, yule mwanamke aliyekutwa nyuma ya vibanda, karanga, kola ya shati. Nilimwonyesha pale mama yake alipokaa chini kumlilia mumewe.

Alisikiliza amesimama, mkoba wa shule begani. Hakumkasirikia baba. Alimkasirikia mama. "Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja," alisema. "Kila usiku. Angeshindwa kuninong'oneza?" Kisha akachukua karatasi yake, akatoka bila kuufunga mlango.

Alikwenda moja kwa moja kilimani. Alirudi kwangu baada ya siku chache, ndipo nikajua kilichotokea. Alimkuta baba yake ameketi nje ya lile jiko, anasuka kamba. Alimwambia karani amemweleza. Na yule mtu akakana.

"Alisema wewe ni mtu wa kupenda hadithi," binti aliniambia. "Alisema alisema kweli mahakamani, kwamba alikuwa na mwanamke mwingine, kwamba alikuwa mtu mbaya na sasa ameadhibiwa. Alisema nirudi kwa mjomba, nisome, nisimsumbue."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. "Na wewe ulimwamini?"

"Alikuwa amenishika mkono," alisema. "Wakati wote aliokuwa akisema hayo. Nilijaribu kuondoka, hakuuachia."

Alibaki kwa mjomba wake, na hakumweleza. Nadhani alikuwa ameelewa kwa nini, naye akauchukua ule ukimya akaubeba kama wazazi wake walivyoubeba, akiwa na umri mdogo kuliko wao. Siku za soko alipitia kilimani na unga au mafuta kidogo. Baba yake alivipokea kama mtu anayepokea sadaka kwa mpita njia, na kumshukuru kwa adabu nyingi mno. Sijui kama aliwahi kumwita baba. Mdogo wake yule mtu aliniambia walikuwa wanakaa tu nje wakisuka kamba, saa nzima, hawazungumzi, na binti alikuwa amejifunza kusuka vizuri kumpita baba yake.

Haikuchukua muda mrefu. Mguu ulioza. Walimpeleka zahanati kwa machela, wakamrudisha kwa machela. Siku ya kuzika nilifunga ofisi nikaenda. Walikuwa watu wachache: mdogo wake, majirani, waliorudi naye kutoka kambini. Binti alikuja akiwa amevaa kitenge cha mama yake. Nyuma yake, kwa mbali kidogo, alikuja mjomba na jembe begani.

Watu wa kilima waligeuka walipomwona. Tangu vita vilipoanza alikuwa hajapanda pale. Sikujua anajua nini, au kama binti alikuwa amemweleza usiku wa kuamkia mazishi, au kama alikuwa anajua tangu siku ileile alipokaa kwenye nyasi akiupa mlango mgongo. Mpaka leo sijui, na binti nilipomuuliza alisema naye hajui. Alisogea kaburini, akaanza kufukia na wenzake, akiinama na kuinuka, bila kumwangalia mtu. Walipomaliza alisimama akafuta jasho.

"Huyu alikuwa shemeji yangu," alisema.

Mdogo wa marehemu alimpa maji ya kunawa mikono, akanawa. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Giteranyi, na wenye njia ndefu wakaanza kuaga.